Viroba Vinane vya Mjomba

Kiroba cha mwisho cha mawe ya dhahabu kiliposhonwa, jua lilikuwa linaelekea kuzama. Mjomba akapita katikati ya viroba akihesabu kwa ncha ya fimbo, akigusa kimoja kimoja kama mtu anayehakiki ng'ombe wa mahari. Sitini. Ilikuwa Desemba 2011, kwenye maduara, yaani mashimo ya wachimbaji wadogo, nje kidogo ya Kahama, nami nimetoka Dar es Salaam kwa likizo, nimevaa viatu vya ofisini.

Mjomba alikuwa mfadhili. Kwa wasiojua kazi hii: mwenye duara ana shimo na vijana, ila mfukoni hana kitu. Mfadhili ndiye anayetoa unga, maharage, dizeli ya pampu, matimba ya kuzuia kuta zisiporomoke, moko na nyundo, na mara nyingine nauli ya kijana aliyefiwa kwao. Miezi minne mjomba alikuwa anatoa tu. Siku ile mawe yakapatikana, mgawo ukaanza. Mwenye leseni akachukua viroba 18. Mwenye shamba, aliyeshinda chini ya mwembe tangu asubuhi bila kunyanyua hata jiwe, akachukua 6. Mwenye kompresa 5. Walinzi 1. Vikabaki 30. Vijana wa shimoni wakapewa 14, na vile 16 vya mwisho mwenye duara na mjomba wakagawana nusu kwa nusu.

Vinane. Hela yake ndiyo iliyolisha shimo lote, na yeye ndiye aliyesubiri hadi wote wapate.

"Ni faida au hasara?" nikamuuliza.

"Sijui, mjomba. Jiwe halisemi mpaka lipite karasha."

(Karasha ni mashine ya kusaga mawe. Na kwetu neno mpwa halitumiki. Yeye ananiita mjomba, mimi namwita mjomba, na heshima inajua ilipo.)

Mwezi uleule, tarehe 7, hisa za African Barrick Gold zilikuwa zimeorodheshwa kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam. Kampuni ilikuwa na migodi ya Bulyanhulu, Buzwagi, North Mara na Tulawaka, yaani dhahabu ya nyumbani kabisa. Ukisimama barabarani Kahama unauona mlima wa kifusi wa Buzwagi. Hisa zenyewe zilikuwa zimeanza kuuzwa London Machi 2010 kwa peni 575, na Dar zilikuja kama mgeni wa pili. Dhahabu ilikuwa imegusa karibu dola 1,900 kwa aunsi Septemba ile ya 2011, na kila aliyekuwa na akiba kidogo mjini alikuwa anaiongelea.

Mimi ni mhasibu. Si wa benki wala wa kampuni kubwa. Nashika vitabu vya biashara za kawaida, duka la vipuri hapa, shule binafsi pale. Niliporudi Dar Januari nikaenda kwa dalali wa hisa na fomu zangu na picha mbili za pasipoti, nikasema nataka za dhahabu. Kijana akageuza kompyuta nione. Upande wa wanunuzi kulikuwa na mstari mmoja. Upande wa wauzaji, patupu. "Subiri, mzee," akaniambia, ingawa wakati ule sikuwa mzee. Bei iliyoandikwa ilikuwa zaidi ya shilingi elfu kumi kwa hisa moja, na ilitokana na London. Hapa kwetu ilikuwa kama saa ya ukutani inayoonyesha muda wa nchi nyingine. Nikasubiri wiki tatu, nikanunua za bia.

Kwa hiyo sikuwahi kuwa mwanahisa wa kampuni ile, na sitajisifu kwamba ilikuwa busara. Alikosekana muuzaji tu. Ila nilishaanza kufuatilia, na mtu akishaanza kufuatilia hisa za dhahabu haachi kirahisi. Tangu dhahabu ivuke dola 4,000 Oktoba 2025, jamaa zangu kwenye kundi letu la WhatsApp wananiuliza kila wiki kama wanunue. Naona niandike mara moja, niwatumie kiungo.

Wengi wanadhani wakinunua hisa ya mgodi wamenunua dhahabu. Mwenye bangili ana dhahabu. Mwenye hisa ana viroba vya mwisho.

Tuchukue hesabu nyepesi. Mgodi unatumia dola 1,000 kutoa aunsi moja, na dhahabu inauzwa 1,200. Faida ni 200. Dhahabu ikipanda asilimia 10 hadi 1,320, faida inakuwa 320, yaani imepanda asilimia 60. Hapo ndipo utamu ulipo, na ndiyo maana watu wanaacha bangili wanakimbilia hisa. Sasa igeuze: dhahabu ishuke asilimia 10, iwe 1,080. Faida inabaki 80. Bangili ya mama imepungua thamani kidogo, hataki hata kujua. Mwenye hisa amepoteza zaidi ya nusu ya kile alichokuwa anakitegemea. Na ile 1,000 ya gharama haijakaa kimya. Dizeli imepanda, umeme umekatika, shimo limekwenda chini zaidi na jiwe limekuwa jembamba.

Hapo kwenye gharama nina kinyongo cha kihasibu. Kwa miaka mingi kampuni za dhahabu zilikuwa zinatangaza gharama ya kutoa aunsi kwa kuhesabu yale ya karibu tu: mshahara, dizeli, kemikali. Kuchimba njia mpya za chini, kubadilisha mitambo, kutafuta mashapo mapya, ofisi za Ulaya, hayo yote yaliwekwa pembeni. Unasoma gharama ni ndogo na bei iko juu, halafu unajiuliza mbona gawio ni la kununulia soda. Juni 2013 Baraza la Dhahabu la Dunia likatoa mwongozo wa kuhesabu gharama kamili za kuuendeleza mgodi, na namba za karibu kila kampuni zikanenepa ghafla. Miezi miwili kabla, Aprili, dhahabu ilikuwa imeanguka zaidi ya dola 200 ndani ya siku mbili za soko. Kweli hutokea pale ambapo hakuna fedha tena ya kuifichia. Mjomba hajawahi kuwa na tatizo hili. Daftari lake lina hata bei ya chumvi.

Kuna jambo la ajabu zaidi: dhahabu inaweza kupanda na kampuni ya dhahabu ikafa kwa kupanda huko. Ashanti Goldfields ya Ghana ilikuwa fahari ya bara hili. Mwaka 1996 iliorodheshwa New York, ya kwanza kutoka Afrika nje ya Afrika Kusini kuingia kwenye soko lile kubwa. Mwaka 1999 bei ya dhahabu ilikuwa chini sana, karibu dola 250, na Ashanti, kwa kuogopa isishuke zaidi, ilikuwa imefunga mikataba mingi ya kuuza dhahabu yake ya miaka ijayo kwa bei iliyopangwa. Septemba 26 benki kuu za Ulaya zikakubaliana kupunguza kuuza dhahabu zao. Ndani ya siku chache bei ikaruka kupita dola 300. Mwenye duara yeyote angechinja mbuzi. Lakini Ashanti ilikuwa imejifunga kuuza kwa bei ya zamani, mikataba ikageuka hasara, na ikajikuta inadaiwa dhamana na mabenki iliyofunga nayo mikataba, mamia ya mamilioni ya dola, na haikuwa nayo. Ili ipumue ikauza nusu ya mgodi iliyokuwa inaujenga wakati ule. Mgodi wenyewe ni Geita. Mnunuzi alikuwa AngloGold, na mwaka 2004 akaichukua Ashanti yote. Ndiyo AngloGold Ashanti ya leo. Kila ninapopita Geita na kuona lile jina refu getini nakumbuka kwamba ni jina la ndoa ya mtu aliyefilisiwa na habari njema.

Hiyo ni hatari ya kampuni kubwa, yenye mgodi unaoonekana. Kuna ngazi ya chini yake, kampuni zinazotafuta, zisizo na mgodi bado. Hizi zinauza matumaini kwa senti, na ndizo zilizonila.

Mjomba ana namna yake ya kupima jiwe. Anavunja kipande, anakitwanga kwenye kinu cha chuma hadi kiwe unga, anaweka kwenye karai na maji kidogo, anatikisa kwa mduara. Uchafu unatoka ukingoni. Mwisho, chini kabisa, unabaki mkia wa njano mwembamba kama uzi wa kushonea. Kutokana na urefu wa uzi ule anaweza kukwambia kiroba kitatoa kiasi gani, na hakosei sana. Lakini kabla ya kutazama karai hutazama mikono ya aliyeleta jiwe. Kuna waliowahi kukwangua pete juu ya kinu.

Wakubwa nao walikwanguliwa. Bre-X, kampuni ya Calgary, Kanada, ilidai kuwa na dhahabu ya ajabu huko Busang, kwenye misitu ya Kalimantan, Indonesia. Kila ripoti ilikuwa kubwa kuliko iliyopita, hadi wakafika aunsi milioni 70 na ushei, na thamani ya kampuni ikapita dola za Kanada bilioni 6. Wastaafu, walimu, mifuko ya pensheni, wote walikuwemo. Machi 1997 mjiolojia wao mkuu pale porini, Michael de Guzman, akaanguka kutoka kwenye helikopta. Siku chache baadaye Freeport, kampuni ya Marekani iliyokuwa imechimba mashimo yake jirani na yale ya Bre-X, ikasema haikuona dhahabu ya maana. Mwezi Mei wataalamu wa kujitegemea wakahitimisha kwamba sampuli zilikuwa zimetiwa dhahabu kutoka nje. Chembe zilikuwa na kingo za mviringo, kama za dhahabu iliyosuguliwa na mto, wakati ilidaiwa imetoka ndani ya mwamba. Mjomba nilipomsimulia alicheka hadi akakohoa. "Yaani hawakumtazama mikono?"

Iliyonila mimi haikuwa ya wizi, na pengine hilo ndilo linaloudhi. Mwaka 2018 binamu yangu anayeishi Toronto alininunulia, kwa jina lake na kwa kuaminiana, hisa 2,000 za kampuni ndogo ya utafutaji kwa senti 40 za Kanada kila moja. Taarifa yao ilisema wamepata gramu 12 kwa tani. Nilishangilia. Sikusoma mbele, ambapo iliandikwa kwamba gramu hizo 12 zilikuwa kwenye mita moja na nusu tu ya mwamba. Mita zilizofuata zilikuwa mawe ya kujengea. Hela ikaisha, wakatoa hisa mpya kuchangisha nyingine. Ikaisha tena, wakatoa tena. Nilipoingia, kampuni ilikuwa imegawanywa vipande milioni 60. Miaka mitatu baadaye vilikuwa milioni 190. Sikuuza hata hisa moja, lakini sehemu yangu ilipunguzwa kama chai inayoongezwa maji kila mgeni akibisha hodi. Mara ya mwisho kuangalia zilikuwa senti 7. Dola 800 zimekuwa 140, na binamu kwa adabu yake hajawahi kulitaja.

Sasa turudi kwa ile kampuni ya hapa, maana bila hiyo makala hii ingekuwa ya watu wengine.

African Barrick ilibadilisha jina Novemba 2014 ikawa Acacia. Bei yake London ilikuwa imeanguka hadi chini ya peni 200 mwaka 2013, baada ya mazungumzo ya kuiuza kwa Wachina kuvunjika na dhahabu yenyewe kuporomoka. Kisha ikapanda tena, na mwanzoni mwa 2017 ilikuwa inakaribia pale ilipoanzia. Machi mwaka ule serikali ikazuia kusafirisha makinikia nje ya nchi. Hapo ndipo nchi nzima ilipojifunza neno hilo. Bulyanhulu na Buzwagi hazikuwa zinatoa dhahabu tupu pekee. Sehemu ya uzalishaji ilikuwa mchanga uliochambuliwa wenye shaba, dhahabu na fedha, unaopelekwa nje kuyeyushwa.

Tarehe 24 Mei nilikuwa kwenye mgahawa karibu na ofisi, sahani ya wali maharage mbele yangu, televisheni imefunguliwa sauti yote. Kamati ya Profesa Abdulkarim Mruma ilikuwa inasoma mbele ya Rais Magufuli kilichokutwa ndani ya makontena 277 bandarini. Mgahawa mzima ulisimama. Mhudumu aliacha bili mezani kwa watu akaja kusikiliza. Nikafungua simu kuangalia London: hisa zilikuwa zimeanguka karibu theluthi siku hiyohiyo. Niliona watu wawili ndani ya shati langu. Mmoja ni mwananchi, aliyekulia karibu na Bulyanhulu na kuona malori yakitoka miaka na miaka huku barabara ya kijiji ikiwa ileile, na huyo alipiga makofi na wenzake. Mwingine ni yule aliyewahi kujaza fomu kwa dalali, na huyo alikuwa anahesabu angekuwa amepoteza kiasi gani. Sijawapatanisha hadi leo.

Julai ikaja ankara ya kodi ya dola bilioni 190, pamoja na adhabu na riba. Uchumi wote wa nchi haukufika hata theluthi moja ya fedha hiyo. Kampuni ilikanusha madai. Lakini tazameni nani alikaa mezani. Mwenyekiti wa Barrick, John Thornton, alipanda ndege akaja Ikulu Juni 2017, na Barrick, yenye asilimia 63.9 ya Acacia, ndiyo iliyojadiliana na serikali. Oktoba wakatangaza makubaliano: dola milioni 300, serikali kupata asilimia 16 ya hisa za migodi, na manufaa ya kiuchumi kugawanywa nusu kwa nusu. Acacia yenyewe haikuwa kwenye chumba. Wenye hisa wadogo, wale wa asilimia 36, walisoma habari kama mimi niliyekuwa nakula maharage. Serikali ni mwenye leseni. Barrick ni mwenye duara. Na mfadhili mdogo anasubiri hadi wote wapate.

Mei 2019 Barrick ikasema itanunua hisa zilizobaki, kwa kubadilishana hisa zake 0.153 kwa kila moja ya Acacia. Wadogo wakapiga kelele, na haki walikuwa nayo. Ikaongezwa hadi 0.168, pamoja na haki ya gawio kama baadhi ya maeneo ya utafutaji yangeuzwa. Kwa bei ya Julai ilikuwa kama peni 232. Septemba 17 shughuli ikakamilika, jina likafutwa London na Dar, na Januari 2020 mkataba wa Twiga, kampuni ya ubia kati ya Barrick na serikali, ukatiwa saini.

Mhasibu hawezi kuacha hesabu hii. Machi 2010, hisa zikiuzwa peni 575, dhahabu ilikuwa karibu dola 1,100. Septemba 2019 ilikuwa karibu 1,500. Dhahabu imepanda zaidi ya theluthi. Aliyenunua siku ya kwanza na kuvumilia miaka tisa na nusu alipokea chini ya nusu ya hela yake, ukiacha magawio madogo ya njiani. Aliamini dhahabu itapanda, ikapanda kweli, na bado akapoteza.

Nikiishia hapo nitakuwa nadanganya kwa upande mmoja. Mwaka 2025 hisa za AngloGold Ashanti zilipanda zaidi ya mara tatu. Za Barrick zilipanda zaidi ya maradufu, na hapo huko Mali walikuwa wamesimamisha mgodi wao wa Loulo-Gounkoto tangu Januari, serikali imechukua dhahabu yao takriban tani tatu, na kuanzia Juni mahakama imeweka msimamizi wake mgodini hadi walipopatana Novemba. Ile hesabu ya asilimia 10 na 60 ilifanya kazi kwa upande wa raha. Ninazo chache za kampuni moja kubwa, nilizonunuliwa na binamu yuleyule baada ya kuchoka na zile za senti, na siku hizi nazifungua kwenye simu kabla ya kupiga mswaki. Ni tabia mbaya.

Wanaoniuliza kwenye kundi nawajibu kwamba soko la Dar halina tena kampuni ya dhahabu. Nairobi kuna NewGold tangu 2017, ila hiyo ni dhahabu yenyewe iliyogawanywa vipande, mgodi haumo. Anayetaka hisa za migodi lazima avuke bahari. Mimi ningemwambia aanze kwa kusoma akiba ya mashapo, ajue imebaki miaka mingapi. Duka likiendeshwa vizuri linaweza kurithiwa, mgodi unajila. Buzwagi, ule tuliouona ukifunguliwa 2009, ulifungwa 2021. Kisha asome idadi ya hisa mwaka hadi mwaka, kabla hata ya faida. Halafu aangalie mwenye hisa nyingi ni nani, na ana kesi na serikali gani.

Kuna wanaosema basi ununue kampuni za mrabaha, zile zinazotoa fedha kwa migodi na kulipwa sehemu ya kila aunsi bila kugharamia dizeli. Franco-Nevada ndiyo inayotajwa sana. Wazo zuri, ndilo alilofuata mjomba: mwaka 2014 aliacha kufadhili, akanunua karasha. Sasa analipwa kwa kila kiroba kinachosagwa, kiwe na dhahabu au kokoto, na marudio, yaani mchanga unaobaki baada ya kusaga na kuosha, yanabaki kwake. Lakini Novemba 2023 Mahakama ya Juu ya Panama ilifuta mkataba wa mgodi wa Cobre Panamá, na Franco-Nevada, ambayo haikuwa na hata sururu kule, ikachapwa vibaya sokoni. Hata mwenye karasha hulala njaa shimo likifungwa.

Vile viroba vinane, kwa kumbukumbu, vilirudisha hela yake na juu yake ikapatikana pikipiki.

Wiki iliyopita nilimpigia. Shikamoo, marahaba, habari za nyumbani. Akaniambia foleni ya viroba karashani inafika barabarani, vijana wanasaga usiku na mchana, na mota imeanza kunuka. Nami nikajisifia kidogo kuhusu zile hisa zangu chache, zimepanda kiasi gani tangu nizinunue.

"Umeziuza?"

"Bado."

Akanyamaza. Nyuma yake karasha lilikuwa linanguruma.

"Basi siku ukiziuza unipigie," akasema. "Mota mpya ni milioni tatu na nusu."